Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Mkatoliki msema Kiswahili katika parokia za Uganda

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki mlangoni pa ofisi ya parokia. Waulizaji ni wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, familia za askari kambini, na Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi Kampala. Majibu yanafuata Sheria ya Kanisa ya 1983 na Katiba ya Uganda ya 1995. Ratiba na viwango vya michango hatukuviweka, maana kila jimbo lina vyake. Waulize katekista.

## Kuanza katika parokia

1. Nimehamia hapa na sijui mtu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jumuiya ndogondogo, ofisi baadaye. Muulize jirani Mkatoliki jumuiya inasali nyumba gani na siku gani, kisha nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti. Yeye atakupeleka kwa katekista wa kigango, na katekista atakuandikisha parokiani. Ukiwa Buganda, jumuiya wataiita kabondo, kigango wataita ekisomesa, na paroko ndiye Bwanamukulu.

Njoo na barua ya utambulisho kutoka parokia ulikotoka na nakala ya kadi ya ubatizo. Kama huna, soma swali la 7.

Wengi hukwama hapa kwa sababu hukaa miaka wakihudhuria Misa ya Jumapili tu, halafu siku ya msiba au ndoa wanamfuata mwenyekiti asaini barua. Mwenyekiti hawezi kumshuhudia mtu asiyemjua, na akikataa si kwamba ana roho mbaya.

2. Misa zote ni za Kiganda. Nikihudhuria bila kuelewa, nimetimiza wajibu wa Dominika?

Ndiyo. Wajibu ni kushiriki Misa ya Kikatoliki, lugha yoyote, Jumapili yenyewe au Jumamosi jioni. Masomo ni yale yale dunia nzima, kwa hiyo yasome kwa Kiswahili nyumbani kabla ya kutoka. Mahubiri yatakupita, masomo hayatakupita.

Mkitaka Misa ya Kiswahili, msimvamie padre sakristiani. Andikeni barua kupitia halmashauri ya walei mkitaja familia ngapi, kwaya ipo au haipo, wasomaji ni nani, na saa gani haitagongana na Misa nyingine. Barua zisizotaja wasomaji na kwaya hukaa mezani, kwa sababu padre anajua kazi yote itamwangukia yeye.

Mkikubaliwa, kaeni kwanza mpatane maneno ya sala. Waliolelewa Bukavu na waliolelewa Mwanza hawatamki Nasadiki kwa maneno yale yale, na msipochagua nakala moja na kuichapa, Dominika ya kwanza kanisa litagawanyika katikati ya sala, upande mmoja umefika "akafa" na mwingine bado uko kwa Ponsio Pilato.

3. Padre hajui Kiswahili nami sijui lugha yake. Nitaungamaje?

Sheria ya Kanisa inaruhusu mkalimani, na mkalimani huyo amefungwa na siri kama padre alivyofungwa. Chagua mtu mzima unayemwamini, usimtumie mwanao. Wengine hupendelea kusubiri padre mgeni wakati wa Kwaresima, parokia jirani zinaposaidiana kuungamisha. Hiyo pia ni sawa, ila dhambi kubwa ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka.

4. Komunyo inapokelewa mkononi au mdomoni?

Fuata utaratibu wa jimbo ulilomo. Suala hili limewahi kuleta joto: Februari 2020 Askofu Mkuu wa Kampala wakati huo, Cyprian Kizito Lwanga, alikataza kupokea mkononi, na mwezi uliofuata korona ikafunga makanisa yenyewe. Ukiwa mgeni, tazama waliokutangulia kwenye mstari. Saa moja kabla ya kupokea usile wala kunywa isipokuwa maji na dawa. Wazee na wagonjwa hawabanwi na saa hiyo.

## Ubatizo na vyeti

5. Kumbatiza mtoto kunahitaji nini?

Mzazi mmoja anayekubali, msimamizi, na mafundisho ya wazazi ambayo kwa kawaida hutolewa na katekista. Kanisa linataka mtoto abatizwe katika majuma ya kwanza, kwa hiyo msisubiri pesa za sherehe.

Msimamizi awe na miaka 16 kwenda juu, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Komunyo, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha. Wakiwa wawili, wawe mwanamume na mwanamke. Rafiki yako wa Kanisa la Uganda (Anglikana) anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, lakini hawezi kusimama peke yake. Hilo huibuka asubuhi ya ubatizo, mgeni wa heshima tayari amevaa suti, na hapo hakuna la kufanya.

Kabla hamjaondoka, someni jina lilivyoandikwa daftarini. Herufi moja ikikosewa leo, itawasumbua siku ya pasipoti na siku ya ndoa.

6. Hatujafunga ndoa kanisani. Mtoto wetu atakataliwa?

Kosa si la mtoto. Sheria inadai ridhaa ya mzazi mmoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo likikosekana kabisa padre anaweza kuahirisha, akieleza sababu. Njia ya kulionyesha ni rahisi: msimamizi imara na jumuiya inayowafahamu. Mkiambiwa "fungeni ndoa kwanza", ombeni kwa adabu kuonana na paroko mwenyewe.

7. Vyeti vyangu viliteketea vitani. Nithibitisheje kwamba nimebatizwa?

Kwanza jaribu daftari. Parokia ya ubatizo ndiyo yenye rekodi ya kudumu, na Kipaimara na ndoa huandikwa pembeni ya jina lako huko huko. Ofisi ya parokia uliyopo inaweza kuandika barua kwenda jimbo lako la zamani. Taja jina la ubatizo, majina ya wazazi, kigango na mwaka wa kukadiria. Barua yenye jina pekee haijibiwi, kwani akina Jean-Pierre ni wengi.

Daftari nalo likiwa limepotea, tamko la shahidi mmoja asiye na shaka linatosha, mathalani mama yako au msimamizi wako. Kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima, kiapo chako mwenyewe kinatosha. Tamko liandikwe, lisainiwe mbele ya paroko na lihifadhiwe. Kwa ndoa utahitaji pia kuthibitisha kwamba hujaoa wala kuolewa, na hapo wataulizwa watu waliokufahamu tangu kwenu.

Usikubali kubatizwa tena ili tu upate karatasi. Ubatizo haurudiwi.

8. Nilibatizwa Kanisa la Uganda, au kwa Walokole. Je?

Ubatizo wa Kanisa la Uganda unatambuliwa. Utafundishwa, utakiri imani na kupokelewa. Kwa makanisa ya Kilokole huulizwa mambo mawili: maji yalitumikaje, na maneno gani yalisemwa. Waliobatizwa "kwa jina la Yesu" tu, bila kutajwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, hubatizwa.

9. Mtoto anakata roho na padre hayupo. Nifanyeje?

Mtu yeyote anaweza kubatiza katika hatari ya kufa, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lifanywalo na Kanisa. Chukua maji halisi. Yamwage juu ya kichwa, yatiririke kwenye ngozi, huku wewe mwenyewe unayemwaga ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mmoja akimwaga na mwingine akasema, ubatizo haufai. Soda au chai haifai. Kisha peleka taarifa parokiani iandikwe. Mtoto akipona, ataletwa kanisani kwa sehemu zilizobaki.

## Ndoa

10. Hatua za ndoa ya kanisani ni zipi?

Muone paroko mapema, miezi sita kabla kama inawezekana, na kabla ya kulipia ukumbi. Karatasi ni hizi: cheti kipya cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi sita (kile cha utotoni hakionyeshi kama uliwahi kufunga ndoa), cheti cha Kipaimara, barua ya jumuiya, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), na kitambulisho cha taifa, pasipoti au cha mkimbizi. Kisha yanafuata mafundisho, mahojiano ya kila mmoja peke yake, na matangazo Dominika tatu katika parokia zenu zote mbili. Mmoja akiwa ametoka Kenya, tangazo lisomwe na kule pia, na jibu la kule ndilo linalochelewesha arusi nyingi.

Umri: Sheria ya Kanisa inataja 14 kwa msichana na 16 kwa mvulana, lakini Katiba ya Uganda inataka 18 kwa wote wawili, na parokia hazifungishi chini ya hapo. Mzazi anayeleta binti wa miaka 16 akitaja sheria ya Kanisa anapoteza nauli.

Siku yenyewe muwe na mashahidi wawili. Ndoa iliyofungwa katika kanisa lenye leseni ni ndoa ya kisheria vilevile, na taarifa yake inatakiwa ipelekwe URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Baadaye fuatilieni huko wenyewe kama imefika, hasa mkitarajia kuomba viza.

11. Mahari hayajaisha. Padre anaweza kutufungisha?

Kinachofunga ndoa ni ridhaa yenu, wala si ng'ombe. Mapadre wengi huomba barua ya wazazi kuthibitisha kwamba familia zinajuana, na ni busara, lakini deni la mahari si kizuizi katika Sheria ya Kanisa. Mahakama ya Juu ya Uganda nayo iliamua mwaka 2015, katika kesi ya shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikuyapiga marufuku.

12. Mchumba wangu ni Mwislamu. Inawezekana?

Inawezekana kwa kibali cha askofu kinachoombwa kupitia paroko. Wewe Mkatoliki unaahidi kulinda imani yako na kufanya yote yaliyo katika uwezo wako watoto wabatizwe. Mwenzako anajulishwa ahadi hiyo, haapi yeye. Halazimishwi kubadili dini.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nikaha: mkishapanga ndoa ya Kikatoliki, hairuhusiwi kufanya ibada nyingine ya kidini ya kutoa au kurudia ridhaa, iwe kabla au baada. Familia ya upande wa pili ielezwe mapema, si wiki ya arusi. Wa pili ni mke mwingine. Sheria ya nchi inatambua ndoa ya Kiislamu ya wake zaidi ya mmoja, ila kwa Kanisa mwanamume mwenye mke hawezi kuoa tena, na hakuna askofu wa kukipa kibali kitu hicho.

## Sala

13. Zamu ya rozari ya jumuiya imefika nyumbani kwangu. Niandae nini?

Meza, kitambaa safi, msalaba, mshumaa na mkeka. Chakula si sharti, na mabaraza ya jumuiya yangefanya vizuri kulisema hilo wazi, kwani wapo maskini wanaokwepa zamu kwa aibu ya kukosa chai.

Matendo ya furaha ni Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Dominika, na ya mwanga, yaliyoongezwa na Yohane Paulo II mwaka 2002, Alhamisi. Mgawie kila mtu fungu lake kabla ya kuanza. Kwenye lugha mchanganyiko, anayeongoza asali kwa lugha yake na wengine waitikie kwa zao. Inakwenda vizuri kuliko mnavyodhani, mradi asiwepo anayekimbia.

14. Nani anapaswa kufunga Kwaresima?

Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na vidogo viwili, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasijitese. Anayemeza vidonge vinavyotaka chakula ale.

15. Tunataka kutembea kwenda Namugongo tarehe 3 Juni. Tujipangeje?

Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashahidi Wakatoliki ni 22, waliotangazwa watakatifu na Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao na mahali pao pa ibada Namugongo, kwa hiyo ukimuuliza bodaboda, sema unakwenda kwa Wakatoliki.

Jiandikisheni parokiani na mtembee chini ya bendera ya parokia, mkiwa na kiongozi, muuguzi na gari la mizigo. Kutoka Tororo ni zaidi ya kilomita 200, basi hesabuni wiki nzima. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Viatu vipya vinawarudisha watu nyumbani wakiwa Iganga. Tembeeni upande wa kulia muone magari yanayokuja, vizibao vinavyong'aa mbele na nyuma, na alfajiri msitembee mmoja mmoja. Bebeni chumvi-sukari ya kuharisha, soksi za kubadili na pasipoti au kitambulisho. Wakimbizi wamjulishe kamanda wa makazi kabla ya kutoka. Novena huanza tarehe 25 Mei, na anayefika tarehe 2 jioni alale pale pale, kwani asubuhi ya tarehe 3 barabara hufungwa na ukaguzi huwa mrefu.

## Michango, misiba na mila

16. Marehemu hakulipa zaka. Anaweza kunyimwa Misa ya mazishi?

Sheria ya Kanisa inataja wanaonyimwa, wakiwemo walioiasi imani waziwazi, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangekwaza waamini, nao wasipoonyesha dalili yoyote ya kutubu. Deni la zaka halimo. Sheria hiyo hiyo inaagiza kwamba maskini wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Katekista akidai kadi ya zaka ijazwe kwanza mbele ya jeneza, mpigieni paroko. Na paroko akisema vivyo hivyo, kuna ofisi ya jimbo.

Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, aliyefariki kabla ya ubatizo anazikwa kama mwamini. Mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza anaweza kuzikwa hivyo kwa ruhusa ya askofu.

17. Naruhusiwa kuhudhuria olumbe (sherehe ya Kiganda ya kumaliza msiba) au sherehe ya mapacha?

Kumkumbuka marehemu, kumtambulisha mrithi, kula na kucheza ngoma na ukoo hakuna ubaya, na wengi huanza na Misa. Mpaka uko pale mizimu inapoombwa, damu inapomwagwa kwa ajili yake, au hirizi zinapogawiwa. Hapo toka nje bila matusi.

## Uhuru wa dini

18. Katiba inasema nini hasa?

Ibara ya 7: Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini. Ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, wa kuabudu na wa kuwa katika dini yoyote, na mgeni na mkimbizi wamo. Ibara ya 43 inaweka mipaka: haki za wengine na maslahi ya umma. Kwa upande wake Kanisa linakataza mtu kulazimishwa kuingia Ukatoliki, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza haki ya uhuru wa dini tarehe 7 Desemba 1965.

19. Bosi ananiweka zamu kila Jumapili, na chuo kimeweka mtihani siku ya ibada. Nina haki gani?

Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, lakini haisemi lazima iwe Jumapili. Omba kwa maandishi zamu ya kupokezana, ukipendekeza nani mbadilishane. Ikishindikana, Misa ya Jumamosi jioni ipo (swali la 2), na anayezuiwa na kazi asiyoweza kuikwepa hana dhambi.

Kuhusu mitihani, msitegemee sana mahakama. Wanafunzi Waadventista Wasabato waliishtaki Makerere kwa kupangiwa masomo na mitihani Jumamosi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Zungumzeni na mkuu wa idara mapema.

20. Mume wangu ananizuia kusali. Na mwanangu wa miaka 15 anataka kubatizwa huku baba yake ni Mwislamu.

Haki ya kuabudu ni ya mtu binafsi, na ndoa haiifuti. Anza na wazee wanaoheshimiwa na pande zote mbili. Kukiwa na kipigo au vitisho, nenda LC1 au dawati la familia na watoto polisi. Wala jumuiya isikushauri uvumilie kipigo.

Kwa kijana: wa miaka 14 na zaidi anaweza kuomba mwenyewe, na suala lake hupelekwa kwa askofu. Paroko mwenye busara atamwita baba azungumze naye kwanza, na pengine atamwambia kijana aendelee na mafundisho bila haraka. Mtoto mdogo zaidi, bila mzazi hata mmoja kukubali, asibatizwe isipokuwa katika hatari ya kufa (swali la 9).

21. Tunahitaji kibali kwa Njia ya Msalaba barabarani au mkesha wenye spika?

Ijulisheni polisi kwa barua yenye njia, saa na namba ya simu ya kiongozi. Lengo ni magari yazuiwe, na mara nyingi mtapewa askari wa trafiki. Mkesha ni habari nyingine: kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinawahusu Wakatoliki kama wenye baa. Geuzeni spika zielekee ndani, na baada ya saa nne usiku zimeni kabisa.

22. Serikali inaweza kufunga makanisa?

Ilifanya hivyo Machi 2020 kwa ajili ya korona, na Septemba mwaka huo ikaruhusu watu wasiozidi 70 kwa ibada. Msingi wake ni maslahi ya umma (swali la 18), nayo ilifunga misikiti vilevile. Kufunga kanisa moja kwa chuki dhidi ya dini yake ni jambo jingine, na hilo hupelekwa mahakamani.

23. Mgombea amekuja na bahasha na anaomba kusalimia. Tumpe nafasi?

Asalimie nje, baada ya baraka ya mwisho. Mimbari si yake, na Sheria ya Kanisa inawazuia mapadre kujihusisha kikamilifu na vyama vya siasa. Mchango wake ukipokelewa uhesabiwe na watu wawili papo hapo, uandikiwe risiti kwa jina lake na utangazwe sawa na wa mama aliyeleta kuku, bila makofi ya ziada. Akitaka jina lake lichorwe kwenye bati la kigango, mrudishieni bati.